TRAUGOTT NA AMINIELI: JINA LA UBATIZO NA AMRI YA KWANZA

Utangulizi

Mchungaji hukutana na swali la jina kabla hajagusa maji ya ubatizo. Wazazi na wadhamini wamesimama mbele yake, mtoto yumo mikononi mwa mama, na mchungaji anauliza mtoto huyu aitwe nani. Jibu linalotolewa huandikwa katika kitabu cha ubatizo, nalo hubaki humo hata baada ya mwenyewe kuzikwa. Katika sharika zetu nyingi limezoeleka wazo kwamba jibu hilo sharti liwe "jina la Kikristo", na kwa watu wengi maneno hayo yana maana ya jina lililotoka Ulaya, au angalau lililomo katika Biblia. Jina la babu huachwa nyumbani, kana kwamba halifai kuvuka kizingiti cha kanisa.

Makala hii inakusudia kulipima wazo hilo kwa kuchunguza historia ya jina moja la Kijerumani ambalo leo limezeeka na kuachwa karibu kabisa hata huko lilikozaliwa. Jina lenyewe ni Traugott. Wako watumishi wa Injili waliokuja nalo Afrika, na ndugu zake wa ukoo mmoja wanajulikana na kila mwanafunzi wa historia ya Kanisa. Tukilielewa vema tutaona kwamba lina fundisho juu ya ubatizo, juu ya Amri ya Kwanza, na juu ya majina ambayo Wakristo wa Kilimanjaro, Upare na Meru walijitungia wenyewe.

Muundo na maana ya jina

Traugott ni jina lenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inatokana na kitenzi trauen, maana yake kutumaini, kutegemea, kuweka imani kwa mtu. Sehemu ya pili, Gott, ni Mungu. Kitenzi kimewekwa katika hali ya kuamuru, kwa hiyo jina zima ni sentensi kamili: "Mtumaini Mungu." Mama aliyemwita mwanawe Traugott aje kula alikuwa akitamka amri ya imani mara kadhaa kila siku, apende asipende.

Kitenzi hicho kina maana nyingine ambayo inafaa kukumbukwa na wachungaji. Kwa Kijerumani, trauen ni pia kufungisha ndoa, na ibada ya ndoa huitwa Trauung. Martin Luther alipotoa utaratibu wake wa ndoa mwaka 1529, kijitabu hicho kiliitwa Traubüchlein. Wanaofungishwa ndoa ni watu wanaokabidhiana. Kwa hiyo kutumaini kunakotajwa katika jina Traugott kunapita kuafiki jambo kwa akili tu. Ni kujikabidhi kwa mwingine, kama bibi na bwana arusi wanavyojikabidhi. Hata hivyo, tusilichanganye neno hili na Trauer, yaani maombolezo. Hayo ni maneno mawili tofauti, ingawa yanafanana masikioni.

Jina hili halikuzaliwa peke yake. Lina ndugu wengi: Fürchtegott, yaani "Mche Mungu", Leberecht, yaani "Ishi kwa haki", Gottlob, yaani "Mungu asifiwe", Gotthilf na Gotthelf, yenye kutaja msaada wa Mungu, Gotthold, yenye kutaja fadhili zake, na Gottlieb, lililokuwa maarufu kuliko yote. Historia ya hilo la mwisho ni ya kufundisha. Katika lugha ya kale ya Kijerumani lilikuwapo jina Goteleib, ambalo sehemu yake ya pili ilihusu uzao au masalio, wala haikuhusu upendo. Wakristo wa karne ya 17 na ya 18 walilisikia kwa masikio mapya, wakalisoma kama lieb, "penda" au "mpendwa", na tangu hapo likawa na maana ya ampendaye Mungu. Likalinganishwa na Theofilo wa Luka 1:3. Mtunzi wa muziki Mozart alibatizwa katika mji wa Salzburg mwaka 1756 kwa jina la Theophilus. Baba yake aliliandika pia kwa Kijerumani kama Gottlieb, na ulimwengu unalijua zaidi kwa umbo lake la Kilatini, Amadeus. Jina moja, lugha tatu, na maana ni ileile.

Chimbuko la majina haya

Kabla ya Matengenezo ya Kanisa, Wakristo wa Ujerumani waliwapa watoto wao majina ya watakatifu pamoja na majina ya kale ya Kijerumani. Luther mwenyewe alibatizwa tarehe 11 Novemba 1483, siku ya Mtakatifu Martin, naye akaitwa Martin kwa sababu hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1566 baada ya Mtaguso wa Trento iliwahimiza waamini wachague majina ya watakatifu, ili mtoto awe na mfano wa kufuata na mwombezi wa kumsaidia.

Walutheri hawakukataza majina ya watakatifu. Mpaka leo akina Johannes, Petro na Maria wamejaa miongoni mwetu. Lakini fundisho la kwamba Kristo peke yake ndiye mpatanishi liliondoa haja ya mtakatifu mlinzi, na hivyo likaacha nafasi wazi. Mtoto asipoitwa kwa jina la mwombezi, aitwe kwa jina gani? Katika karne ya 17 jibu moja lilianza kusikika: aitwe kwa neno la imani, tena kwa lugha ya mama yake. Majina ya namna hiyo yaliongezeka nyakati zilizofuata Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648), vita vilivyoteketeza vijiji na kuacha mayatima wengi. Mzazi aliyemwita mwanawe "Mtumaini Mungu" katika nyakati kama hizo alikuwa akijisemesha mwenyewe kwanza.

Ndipo lilipokuja vuguvugu la Upietisti. Philipp Jakob Spener alitoa kitabu chake Pia Desideria mwaka 1675, akitaka imani ishuke kutoka mimbarini mpaka mezani na jikoni. Mfuasi wake August Hermann Francke alijenga huko Halle shule na makao ya mayatima yaliyopata sifa Ulaya nzima. Mwana wake aliyezaliwa mwaka 1696, ambaye baadaye aliziongoza taasisi hizo, aliitwa Gotthilf August. Katika nyumba za wachungaji na mafundi wa Ujerumani ya kati na ya mashariki majina haya yakawa jambo la kawaida. Christian Fürchtegott Gellert, mtunzi wa nyimbo za kanisa na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Leipzig, alizaliwa mwaka 1715 katika nyumba ya mchungaji. Gotthold Ephraim Lessing alizaliwa mwaka 1729, naye pia ni mwana wa mchungaji. Mwanafalsafa Wilhelm Traugott Krug, aliyekishika kiti cha Kant huko Königsberg mwaka 1805, alizaliwa mwaka 1770. Mara nyingi jina la imani liliwekwa nyuma ya jina la kawaida, kama tuonavyo katika baadhi ya mifano hii.

Jambo hili halikuwa la Ujerumani peke yake. Wapuritani wa Uingereza nao walikuwa na majina ya namna hiyo, na Bunge la mwaka 1653 lilipewa jina la mzaha kutokana na mjumbe wake mmoja aliyeitwa Praise-God Barebone, yaani "Msifu Mungu". Wala si jambo la Ulaya peke yake. Agano la Kale limejaa majina yaliyo sentensi. Ezekieli ni "Mungu hutia nguvu"; Natanaeli ni "Mungu ametoa"; Imanueli ni "Mungu pamoja nasi". Nabii Isaya aliwapa wanawe majina yaliyokuwa mahubiri kwa taifa zima (Isaya 7:3, 8:3). Hata amri imo: Lea alipomzaa mzaliwa wake wa kwanza alimwita Reubeni, jina linalosikika kwa Kiebrania kama "Tazameni, mwana!" (Mwanzo 29:32). Wapietisti walirudia kwa Kijerumani jambo ambalo Israeli ilikuwa imelifanya kwa Kiebrania.

Katekisimu katika majina

Sasa tuyapange matatu kati ya majina hayo kwa utaratibu ufuatao: Fürchtegott, Gottlieb, Traugott. Mche Mungu, mpende Mungu, mtumaini Mungu. Msomaji aliyepita katika darasa la kipaimara hatakawia kuyatambua. Luther anapoieleza Amri ya Kwanza katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 anatumia vitenzi vitatu hivyohivyo, kwa mfuatano huohuo: kumcha, kumpenda na kumtumaini Mungu kuliko vitu vyote. Watoto wa Kilutheri waliyakariri maneno hayo kizazi baada ya kizazi, na wazazi wao waliyageuza kuwa majina.

Kati ya hayo matatu, kutumaini ndilo neno lililo karibu zaidi na kiini cha fundisho la Luther. Katika Katekisimu Kubwa anafundisha kwamba kile ambacho moyo wa mtu unakitegemea na kukitumainia ndicho hasa mungu wake. Mali ikitegemewa ni mungu. Elimu ikitegemewa ni mungu. Ukoo ukitegemewa ni mungu. Kwa hiyo Traugott ni muhtasari wa Amri ya Kwanza kwa neno moja.

Lakini hapa mwanafunzi wa theolojia ana haki ya kuuliza swali gumu. Kama Traugott ni amri, je, si Sheria? Mtoto wa siku nane anawezaje kupewa jina linalomdai jambo ambalo hata mtu mzima halitimizi? Swali hili si la mchezo, maana historia yenyewe inathibitisha kwamba jina haliumbi imani. Gebhard Leberecht von Blücher, jemadari wa Prussia, aliitwa "Ishi kwa haki", naye alijulikana kwa kucheza kamari. Johann Gottlieb Fichte, ampendaye Mungu kwa jina, alishtakiwa kuwa mkana Mungu akapoteza kazi yake ya ualimu huko Jena mwaka 1799. Lessing, ambaye jina lake linataja fadhili za Mungu, alibishana vikali na mchungaji Goeze wa Hamburg mwaka 1778 juu ya mamlaka ya Biblia. Majina hayakuwazuia.

Jibu linapatikana katika mahali ambapo jina hutamkwa. Katika ubatizo mchungaji hutamka majina mawili: jina la mtoto, na baada yake jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Jina la kwanza linaweza kuwa amri. Jina la pili ni ahadi. Traugott peke yake ni Sheria, lakini Traugott aliyebatizwa ni mtu ambaye Mungu amemkabidhi kwanza kile anachomtaka akitumainie. Tukikumbuka maana ya pili ya trauen, twaweza kusema kwamba Bwana arusi amesema neno lake la ahadi kabla ya bibi arusi kufungua kinywa.

Wenye jina na Afrika

Baadhi ya waliochukua majina haya walifika barani kwetu. Carl Gotthilf Büttner alikuwa mmisionari katika nchi ambayo leo ni Namibia, na baadaye, huko Berlin, akawa mwalimu wa Kiswahili. Mwaka 1892 alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Traugott Bachmann, wa Kanisa la Moraviani, alifanya kazi kusini magharibi mwa Tanzania na kuanzisha kituo cha Mbozi mwaka 1899 miongoni mwa Wanyiha. Wamoraviani wa Herrnhut nao ni matunda ya mti uleule, maana kiongozi wao Zinzendorf alikuwa mtoto wa ubatizo wa Spener na alisoma Halle.

Yuko Traugott mwingine ambaye hakufanya kazi Afrika, lakini ukoo wake ulifungamana nayo. Carl Hugo Hahn, mzaliwa wa nchi za Baltiki, alifika kwa Waherero mwaka 1844. Mwana wake aliitwa Traugott, akawa mchungaji. Na mjukuu wake, aliyezaliwa mwaka 1875, aliitwa Traugott vilevile. Mjukuu huyo alikuwa mchungaji wa usharika wa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, na profesa wa theolojia ya matendo. Mwishoni mwa mwaka 1918 Wabolsheviki waliuteka mji, na ibada zikapigwa marufuku. Wengi walikimbia, lakini yeye alikaa na usharika wake. Alikamatwa, na tarehe 14 Januari 1919 aliuawa kwa risasi katika chumba cha chini cha jengo la benki, pamoja na askofu wa Kiorthodoksi Platon na wafungwa wengine. Siku hiyohiyo majeshi ya Estonia yaliukomboa mji. Amri aliyopewa utotoni aliitii katika chumba kile, naye alikwisha kufundishwa kwamba hata utii huo ni kipawa.

Aminieli

Sasa na turudi nyumbani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanza kazi Machame. Makanisa yaliyotokana na kazi hiyo yalipokua, Wakristo wa Kilimanjaro, Upare na Meru walianza kuwapa watoto wao majina ambayo hayamo katika Biblia wala hayakutoka Ulaya: Elifuraha, Elineema, Elirehema, Eliamani, Elisante, Kundaeli, Aminieli. Kila mmoja wetu anawafahamu wazee wenye majina hayo. Walilichukua neno la Kiebrania El au Eli, ambalo walilisikia katika Samweli, Danieli na Eliya, na katika kilio cha Bwana wetu msalabani (Mathayo 27:46), wakaliunga na maneno ya vinywa vyao wenyewe, ya Kiswahili au ya lugha ya nyumbani. Katika Kundaeli, kwa mfano, kitenzi ni cha Kichaga, nacho ni kupenda. Huyo ni ndugu wa Gottlieb.

Aminieli ndiye ndugu wa Traugott. Sisemi kwamba jina moja lilinakiliwa kutoka kwa jingine. Nasema kwamba Wakristo wawili waliosikia neno moja, kila mmoja kwa lugha yake, walizaa tunda la namna moja. Tena tunda la huku lina utajiri ambao la kule halina. Kitenzi amini kimeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni uleule wa Kiebrania uliomo katika neno "Amina" na katika habari za Abrahamu aliyemwamini Bwana (Mwanzo 15:6). Aidha, jina hili lisichanganywe na Amieli wa Hesabu 13:12, ambalo lina asili nyingine.

Zaidi ya hayo, Aminieli laweza kusomwa kwa njia mbili. Likisomwa kama amri, ni "Mwamini Mungu", sawasawa na Traugott. Lakini katika Kiswahili mtu amini ni mtu mwaminifu, asiyekhini amana. Kwa hiyo jina hilohilo linaweza kusomwa kama tangazo: "Mungu ni mwaminifu." Msomaji wa Kiyunani atakumbuka kwamba neno pistos nalo lina sura hizo mbili, aaminiye na aaminikaye. Sheria na Injili zimo katika jina moja, na ya pili inaibeba ya kwanza. Twaweza kuamriwa kuamini kwa sababu yuko aliye amini, ambaye hubaki hivyo hata sisi tunapokosa imani (2 Timotheo 2:13).

Hitimisho

Historia hii inatupa mambo matatu ya kufikiri katika huduma.

La kwanza ni juu ya "jina la Kikristo". Traugott lilikuwa jina la kienyeji. Halikuwa la mtakatifu, halikuwa la Biblia, halikuwa la lugha ya kigeni. Mkulima na fundi wa Saksonia walilielewa bila kufasiriwa. Mmisionari aliyebeba jina la namna hiyo hakuwa na msingi wa kumwambia Mwafrika kwamba jina la lugha yake halifai ubatizoni, na mchungaji wa leo hana msingi huo pia. Jina halifanywi kuwa la Kikristo na umbali wa mahali lilikotoka. Mtu ndiye anayefanywa kuwa Mkristo, naye hufanywa hivyo kwa maji na Neno.

La pili ni tahadhari. Tusiyageuze majina ya imani kuwa sheria mpya. Mzazi anayetaka mtoto aitwe kwa jina la babu yake, au kwa jina lenye kukumbuka mvua au safari, hajakosa. Tunaloweza kumwomba ni kwamba alijue jina hilo maana yake, na kwamba lisimkane Mungu wala lisimtukane mtoto.

La tatu ni wajibu. Traugott limekufa polepole huko Ujerumani. Halikupigwa marufuku na yeyote. Lilikufa kwa sababu vizazi vilivyofuata viliona aibu ya kutamka imani mbele ya watu, na mitindo ikashika nafasi. Wanafunzi wa theolojia hulisoma leo zaidi migongoni mwa vitabu, kwa kuwa mchapishaji wa kamusi kubwa ya wasifu wa watu wa Kanisa huko Ujerumani huitwa kwa jina hilo. Majina yetu ya Eli yako katika njia hiyohiyo. Vijana wanayaona ni ya bibi na babu, na wazazi hutafuta majina yanayosikika katika filamu na mpirani. Hatuwezi kuwalazimisha, lakini tunaweza kuwafundisha. Katika darasa la kipaimara, tufungue kitabu cha ubatizo, tumwulize kila mwanafunzi jina lake, na la mama yake, na la babu yake, kisha tuyaweke karibu na maelezo ya Amri ya Kwanza. Akiwapo Aminieli mmoja katika orodha hiyo, somo la siku limekwisha kupatikana.